Injini ya Skuta ya Mkunga

Nilipaswa kukataa. Nilikuwa nimekaa katika ofisi ya kijiji, kalamu mkononi, fomu ya bima ya skuta mbele yangu, na mwenyekiti wa kijiji amesimama nyuma ya kiti changu. Fomu iliuliza kama kuna mabadiliko yoyote yaliyofanywa kwenye chombo au injini yake tangu bima iliyopita.

"Andika hakuna," alisema mwenyekiti.

"Lakini yapo, Mwenyekiti."

"Katibu, wewe umesoma mpaka kidato cha nne. Unataka mimi niliyeishia la tatu nikufundishe kuandika neno moja?"

Nikaandika. Hakuna. Kwa mwandiko wangu mzuri niliosifiwa na walimu, mwandiko ambao kijiji kizima kilikuwa kinautegemea. Nikaweka sahihi, nikagonga mhuri, nikaupulizia ukauke. Nimezeeka sasa, na kila nikikumbuka nilivyoupulizia ule mhuri, kama mtu anayepoza chai, napandwa na hasira ya kutaka kujichapa.

Skuta ile haikuwa ya mwenyekiti wala yangu. Ilikuwa ya zahanati. Wamisionari wawili waliokuwa wanarudi kwao walituachia, na kamati ikaamua itumiwe na mkunga, kwa sababu kina mama wengi walikuwa bado wanakaa mbali, kwenye mashamba ya kahawa ya juu, ingawa tulikuwa tumeamriwa sote tusogee barabarani tuishi kama kijiji. Mkunga alikuwa mke wangu.

Alikuwa na cheti cha ukunga kutoka hospitali ya misheni, kimewekwa kwenye fremu na kutundikwa sebuleni juu ya redio. Hakuwa mtu wa kujisifu, lakini cheti kile alikuwa anakifuta vumbi kila Jumapili kabla ya ibada. Kazi ile ndiyo ilikuwa yeye. Nimewahi kumwona akiacha ugali wa moto mezani, akaondoka bila kunawa mkono wa kulia, kwa sababu mtu alikuwa amesimama mlangoni akisema tu, "Mama, ameanza."

Kwa hiyo alijifunza skuta. Alijifunzia kwenye uwanja wa shule, amejifunga kitenge juu ya sketi, wanaume wamejipanga pembeni kama wanatazama mpira.

"Mama mkunga, hiyo ni baiskeli au cherehani?"

"Nyoosha mikono! Hukamui ng'ombe hapo!"

Yeye alikuwa anacheka nao. Akizunguka uwanja mara tatu bila kuanguka, anasimama mbele yao na kuwaambia, "Haya, nani kati yenu mke wake ana mimba? Ajue leo tu, nikija kwake nakuja na cherehani hii."

Alipata leseni ya kujifunzia. Afisa aliyempa alimtazama, akaitazama skuta, akaandika kwa wino chini ya leseni kwamba mwenye leseni hii haruhusiwi kuendesha chombo chenye injini inayozidi cc mia moja, wala kubeba abiria, mpaka atakapofaulu mtihani. Skuta yetu ilikuwa ya cc tisini. Fomu ya kwanza ya bima niliijaza mwenyewe, na niliijaza kwa ukweli: dereva ni mkunga, ana leseni ya kujifunzia, injini ni cc tisini. Watu wa bima wakakubali kwa masharti hayohayo ya leseni. Cheti kikaja. Kibao cha bati chenye herufi L nyekundu, alama ya dereva mwanafunzi, kikafungwa nyuma. Tukabaki tunamsubiri mtahini aje kutoka Mbeya, naye akawa anakuja pale tu gari lake linapopata mafuta, yaani haji.

Hapa lazima nieleze jambo la nyumbani kwetu, la sivyo yaliyotokea hayataeleweka. Sisi ni Wandali. Babu zetu walitoka Ileje, baba yangu akahamia karibu na Nanyala kutafuta ardhi ya kahawa. Kwetu mke hakutani uso kwa uso na baba wa mume wake. Hali chakula naye, hasemi naye, hamshiki, na wakikutana njiani mmoja anaacha njia na kugeuza uso mpaka mwingine apite. Vijana wa sasa wanacheka nikiwaambia. Wacheke. Ile ilikuwa heshima, na watu wawili wale waliheshimiana kuliko wanavyoheshimiana watu wanaokumbatiana kila siku.

Skuta ilipokuja, wengi walidhani ukwe utavunjika. Haukuvunjika. Bila kusemezana hata neno moja, mke wangu na baba yangu walitengeneza utaratibu wao. Baba alikuwa anaufahamu mlio wa ile injini ndogo tangu ikiwa ng'ambo ya kijito. Akiusikia, hana haraka; anapanda upande wa juu wa njia, anaingia kwenye kahawa, anageuza mgongo. Mke wangu akikaribia kona yoyote iliyo karibu na mashamba yetu anapiga honi tatu, anapunguza mwendo, anapita upande wa chini huku kichwa ameinamisha kidogo. Mlio ukishafifia, baba anarudi njiani na kuendelea na safari yake. Zaidi ya mwaka mzima waliishi hivyo. Baba aliwahi kuniambia, akijifanya kulalamika, "Mkwe wangu amenifanya niwe mtaalamu wa injini." Alikuwa anaona fahari.

Kisha injini ndogo ikafa. Ilikuwa masika, matope yalikuwa mengi, na ilikuwa imepandishwa milima kuliko ilivyoumbiwa. Vipuri havikupatikana Mbeya, havikupatikana popote. Ilikuwa miaka ambayo hata kupata sabuni kulikuwa habari. Mke wangu akarudi kutembea kwa miguu. Wiki ya pili alichelewa kufika kwa mama mmoja wa juu, mtoto akafa. Alirudi nyumbani akakaa kwenye kigoda bila kuvua viatu. Nilimpa maji, hakuyapokea.

Nayasema haya ili nisimsingizie mwenyekiti kila kitu. Hata mimi nilitaka skuta itembee. Lakini mwenyekiti alikuwa na sababu yake nyingine. Wageni wa wilaya walikuwa wanakuja kukagua vijiji, na yeye alishatamba kwenye kikao kwamba kijiji chake kina mkunga anayetumia chombo cha moto. Hakutaka waikute skuta imefunikwa gunia.

Tukaenda Tunduma, yeye na mimi, na skuta tukaipakia juu ya lori la mahindi. Nyuma ya soko kulikuwa na fundi mmoja aliyetoka Tanga, mtu wa kofia nyeupe na mikono myeusi ya grisi, anayejua kila kilichovuka mpaka na nani alikivusha. Alifungua injini yetu, akachungulia, akafunika.

"Bwana Katibu," akasema, "hii imezeeka kuliko mwenyekiti wako. Ya saizi hii sina. Ninayo ya mia na hamsini, imekuja juzi kutoka upande wa pili. Nitakata bati kidogo, itaingia."

"Mia na hamsini?" nikasema. "Anayeendesha ni mwanafunzi. Leseni yake mwisho mia."

"Ubavuni patabaki pameandikwa tisini. Trafiki anasoma bati, hasomi injini." Akacheka, kisha akaacha kucheka. "Lakini huyo mama mwambieni aizoee kwanza uwanjani. Siku nyingi. Hii haimsubiri mtu."

Mwenyekiti alikuwa ameshageuka kutazama vitenge vya Wazambia. "Funga, fundi," alisema. "Wageni wanakuja Alhamisi."

Ile Alhamisi wageni walikuja, wakapiga makofi, wakaondoka. Skuta iliwashwa ikanguruma mbele yao kama trekta. Siku chache baadaye bima ikafika mwisho wake, fomu mpya ikaja, nami nikaandika neno nililoandika.

Nilikuwa na njia nyingine. Hilo ndilo linalonikera zaidi ya yote. Ningeandika ukweli, watu wa bima wangejibu kwamba mkunga asiiguse ile skuta mpaka afaulu mtihani. Ningekwenda na barua yao wilayani, nikapiga kelele mpaka mtahini aje. Ningejaribu kila ofisi. Nilikuwa na elimu ya kufanya hivyo, na ndiyo sababu walinipa ukatibu. Badala yake nilitumia elimu ile kuandika uongo usio na kosa hata moja la tahajia.

Mke wangu hakuwa mjinga. Jioni ileile, anasafisha taa, aliniuliza, "Baba watoto, ile injini si kubwa? Leseni yangu waliandika isizidi mia."

"Nimeshashughulikia," nikasema.

"Umeshughulikia vipi?"

"Karatasi ziko sawa, mama. Wewe fanya kazi yako."

Alinitazama kidogo, kisha akaridhika. Kwake yeye neno langu kuhusu karatasi lilikuwa kama neno lake kuhusu mimba: mwenye ujuzi ameshasema. Uwanjani hakwenda kuizoea. Angepata wapi muda? Kina mama walikuwa wanasubiri.

Haikupita mwezi. Ilikuwa kabla ya saa sita mchana, jua limetoka baada ya mvua. Mimi na baba tulikuwa tunashuka kutoka shamba la juu, yeye mbele na jembe begani, mimi nyuma. Njia ile ina kona moja kali, upande wa juu kahawa, upande wa chini mteremko wa kwenda kijitoni. Tukasikia mngurumo.

Baba akasimama katikati ya njia. "Gari la nani hilo?" akauliza.

Hakuujua mlio; tangu injini ibadilishwe hawakuwahi kukutana njiani. Hakuna aliyemwambia. Mimi sikumwambia, kwa sababu nilitaka watu wachache iwezekanavyo wajue habari ya injini ile, nikamweka baba yangu mzazi kwenye hesabu ya watu wasiopaswa kujua. Na honi zilipolia, zilimezwa na ngurumo.

"Baba, ni mkwe wako! Ingia kwenye kahawa!"

Aligeuka akapanda upande wa juu, upande wake wa siku zote. Lakini skuta ilikuwa imeshatokea. Mke wangu alikuwa anapanda kona kwa mwendo ambao ile injini ya zamani isingeuweza hata ikiteremka. Akamwona baba mkwe wake njiani, mbele yake, uso kwa uso. Akafanya alilofundishwa tangu siku ya harusi: akageuza uso na kuiacha njia. Upande wa chini ulikuwa mteremko mtupu wenye matope. Akaenda upande wa juu.

Wote wawili walikuwa wanakimbia kuheshimiana. Wakakutana kwenye kahawa.

Mke wangu alitupwa akaangukia miti, akachubuka mkono. Skuta ikamwangukia baba nyonga. Nikaiinua, sijui kwa nguvu gani. Baba alikuwa amelala chali, mguu umegeukia pale ambapo mguu haugeukii, na amejifunika uso kwa kofia yake. Si kwa maumivu. Mkwe wake alikuwa karibu.

Mke wangu alisimama hatua tano kutoka pale akiwa ametugeuzia mgongo. Mtaalamu pekee wa tiba katika kijiji chote, na alikuwa anaongea na miti ya kahawa.

"Mwambie asisogeze mguu," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kazi.

"Baba, usisogeze mguu."

"Kata matawi mawili yaliyonyooka. Marefu, yafike kwapani. Chukua kitenge changu hiki, kichane." Akakivua juu ya sketi, akakirusha nyuma bila kugeuka. "Funga juu ya goti kwanza. Si hapo. Najua umefunga chini, nimesikia alivyoguna. Juu."

Nilifunga kwa mikono hii inayojua kushika kalamu tu. Nilifunga vibaya, nikafungua, nikafunga tena, baba anauma mpini wa jembe. Kisha akautoa mdomoni, akasema kutoka chini ya kofia, "Mwambie mkwe wangu hana kosa. Mimi ndiye sikuisikia."

Sikuweza kufikisha maneno yale. Hakukuwa na haja, mke wangu alikuwa ameyasikia. Mabega yake yaliinuka mara moja, yakashuka.

"Kule juu kuna mtu ameanza tangu alfajiri," aliniambia. "Walete watu wenye machela. Mimi naenda." Akachukua mkoba wake, akapanda mlima kwa miguu, damu inamtiririka kwenye kiwiko. Alimzalisha yule mama salama. Aliporudi jioni alimkuta trafiki anamsubiri zahanati.

Trafiki yule hakusoma bati. Alipiga magoti, akafuta tope kwenye injini, akasoma namba zake.

Baadaye alikuja mtu wa bima kutoka mjini. Alikuwa kijana mpole, amevaa suti ya Kaunda, ananyoosha kila karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Tulikaa ofisini wanne: yeye, mwenyekiti, mke wangu na mimi. Mke wangu alikuja na leseni yake na cheti cha bima, amevifunga kwenye leso safi. Alikuwa na hakika. Alivifungua akaviweka mezani mwenyewe.

"Muda wake haujaisha," alisema, akionyesha tarehe ya cheti. "Bima iko hai."

"Tarehe iko hai, mama," kijana akajibu. "Lakini bima hii ni ya skuta ya cc tisini, inayoendeshwa na mtu mwenye leseni ya kuendesha chombo kisichozidi mia. Niliyoiona nje si skuta hiyo. Na kwa hiyo iliyoko nje, wewe huna leseni. Kwa hiyo hapa hatuna chombo tulichokikatia bima, wala dereva tuliyemkubali. Mzee hatapata fidia kwetu."

"Karatasi ziko sawa," akasema mke wangu. Akanigeukia. "Si ziko sawa?"

Kijana akatoa fomu kwenye faili. "Hapa tuliuliza kama injini imebadilishwa. Mngejibu ndiyo, tungewaambia mkunga asiendeshe mpaka apate leseni kamili. Ndiyo kazi ya swali hili, si kuwasumbua. Huu mwandiko wa nani?"

Nilitaka kumchukia kijana yule. Nimejaribu miaka mingi. Sijaweza, kwa sababu kila alilosema lilikuwa sahihi.

Mwenyekiti akawahi kujibu. "Katibu anaandika anachoelezwa na idara husika. Mkunga ndiye mwenye chombo. Mkunga ndiye aliyelalamika kwamba injini ni ndogo, anataka kubwa."

Uongo mkavu, saa nne asubuhi, mbele ya mwanamke mwenyewe. Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningesema, mwandiko ni wangu, neno ni langu, alinituma huyu, na huyu mama nilimdanganya kwa kinywa changu nyumbani kwangu. Sentensi moja. Mwenyekiti alinitazama, nikafikiria kiti changu, mhuri wangu, nyumba ya kijiji tuliyokuwa tunakaa. Nikatazama meza.

Mke wangu hakubishana. Alikunja leso yake taratibu, akaniuliza swali moja kwa Kindali, ili wale wengine wasielewe.

"Uliandika nini?"

Nikaendelea kutazama meza.

Alishtakiwa kwa kuendesha chombo kinachozidi leseni yake, kisicho na bima, na kumjeruhi mtu. Kesi ilichukua asubuhi moja. Alikubali kosa kwa sababu kosa, kwa mujibu wa karatasi, lilikuwa lake. Wilaya ikasema mtumishi aliyetiwa hatiani hawezi kuendelea kushika zahanati. Akaja mwingine, msichana asiyejua njia za mashamba ya juu. Siku ile mke wangu aliteremsha cheti chake ukutani, akakifunga kwenye gazeti, akakiweka chini ya nguo sandukuni. Pale ukutani palibaki mraba mweupe, nami nilikula chakula changu nikiutazama kila siku.

Nimesikia watu wakisema desturi ile ya ukwe ndiyo iliyomvunja mzee. Wanasema wangekuwa watu wa kisasa, mkwe angefunga breki tu. Naomba wanyamaze. Desturi ile ilikuwa inafanya kazi vizuri, pamoja na skuta, pamoja na matope, mpaka mimi nilipoificha ile injini. Wengine wanamlaumu mwenyekiti. Alistahili lawama, na nilimchukia mpaka alipokufa, nikaenda mazishini nikiwa bado namchukia. Lakini yeye hakushika kalamu. Hakujua hata kujaza ile fomu. Ndiyo maana alinihitaji.

Miezi sita baadaye mtahini alifika. Gari lake lilikuwa limepata mafuta. Aliuliza yuko wapi mama wa skuta aliyeomba mtihani. Mimi ndiye niliyempokea, nikamwambia hayupo.

Na kweli hakuwepo. Alikuwa ameondoka wiki mbili kabla, na watoto wetu watatu, akaenda Chapwa kwa dada yake. Hakupiga kelele. Alisema, "Ungeniambia hapana, ningekwenda kwa miguu. Nilikuwa najua kutembea." Akafunga vitu vyake.

Baba yangu alilala kitandani miaka minne na hakusimama tena hadi kufa. Mke wangu hakurudi kwangu, na hakupewa tena zahanati yoyote. Aliuza vitenge sokoni Tunduma mpaka macho yalipomchoka. Watoto wangu walikulia kwake na wananiita mzee, hawaniiti baba. Ukatibu niliouogopea nilinyang'anywa uongozi ulipobadilika, kabla hata baba hajafa. Nilipoteza baba, mke, watoto, na ile kazi niliyowauzia wote, na nilivipoteza kwa kuandika kwenye fomu ya bima neno ambalo nilijua si kweli.